Mshauri Huondoka, Mashine Hubaki

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni.)

Leo nataka tuzungumze juu ya watu ambao majina yao hatuyajui, lakini kazi yao tunakutana nayo kila mahali. Mashirika mawili ya umma yakiunganishwa, tunaambiwa mshauri alipendekeza hivyo. Wafanyakazi wakipunguzwa, mshauri alishauri. Halmashauri ikitaka kujenga soko, kwanza atafutwe mshauri. Chama cha ushirika kikiomba mkopo, benki itauliza: andiko la biashara liko wapi, na nani amelitayarisha? Kwa Kiswahili cha ofisini watu hawa huitwa washauri waelekezi. Mtaani tunawajua zaidi kwa gari, kompyuta na posho.

Msikilizaji mmoja aliniuliza swali fupi: hivi mtu huyu, tangu aamke asubuhi mpaka alale, anafanya kazi gani hasa? Nimelipenda swali hilo kwa sababu fedha anazolipwa mara nyingi ni zako na zangu. Zinatoka katika kodi, au zinatoka katika mkopo ambao wanachama wataurudisha kwa jasho lao. Na mtu anayelipa ana haki ya kujua anachonunua.

Tuanze na asili ya kazi yenyewe. Kutafuta ushauri si jambo geni kwa binadamu. Hata watemi walikuwa na wazee wa baraza. Lakini kuufanya ushauri wa uongozi kuwa biashara, wenye bei yake kwa siku, ni jambo lililokomaa Marekani. Mhandisi Frederick Taylor, aliyezaliwa mwaka 1856 na kufariki mwaka 1915, alisimama viwandani na saa mkononi akipima kila tendo la mfanyakazi: kuinama, kuchota, kuinuka, kutupa. Mwaka 1893 alianza kuuza ujuzi huo kwa viwanda mbalimbali, na mwaka 1911 akautolea kitabu. Mwaka 1926 mwalimu wa uhasibu wa Chuo Kikuu cha Chicago, James McKinsey, alianzisha kampuni ya ushauri yenye jina lake. Alishikilia jambo moja: kwamba daftari la mahesabu si la kuonyesha tu fedha zilikokwenda jana, bali ni la kumsaidia kiongozi kuamua afanye nini kesho. Kampuni hiyo tutakutana nayo tena baadaye katika mazungumzo haya, hapa hapa kwetu.

Mshauri wa namna hii ni tofauti na mhandisi. Mhandisi atakuchorea daraja, na daraja likianguka sote tutaliona. Mshauri wa uongozi anashughulika na jinsi watu wanavyopanga kazi, fedha na madaraka. Akikosea, hakuna kishindo. Shirika linadhoofika polepole, na ikifika siku ya kufungwa hakuna anayekumbuka ni nani aliyeshauri nini. Kwa hiyo kazi yake inahitaji kutazamwa kwa karibu zaidi.

Basi tumfuate mmoja kwa siku moja. Nitakayemweleza ni wa mfano, simsemi mtu. Hata hesabu nitakazotoa ni za mfano, nimezifanya nyepesi ili uzifuate bila kalamu. Lakini mahali ni pa kweli: Mollo, mojawapo ya kata za Manispaa ya Sumbawanga, mkoani Rukwa. Wengi walio nje ya mkoa huo wamelisikia jina la Mollo kwa sababu ya gereza lake la kilimo. Ni nchi ya uwanda wa juu wa Ufipa, zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, katikati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Ni nchi ya mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Mwezi Juni na Julai asubuhi zake ni za sweta na koti, na mgeni kutoka Dar es Salaam aliyekuja na shati la mikono mifupi hujuta.

Tuseme kuna chama cha ushirika cha msingi chenye ghala na mashine ya kusaga. Wanachama wanataka kukopa fedha wanunue mashine ya pili pamoja na ya kukoboa, ili wauze sembe badala ya kuuza mahindi. Benki inasema: sawa, lakini mtu wa nje aangalie kwanza mambo yenu. Anatafutwa mshauri, anapewa mkataba wa siku kumi na karatasi inayoitwa hadidu za rejea, yaani orodha ya mambo aliyotumwa kuyachunguza. Angalia siku hizo kumi zinavyogawanyika. Mbili ni za safari kwenda na kurudi. Nne ni za kukaa Mollo. Tatu ni za kuandika, na moja ni ya kuwasilisha. Kwa hiyo mtu aliyelipwa siku kumi ataitazama mashine na watu wake kwa siku nne tu. Hilo si kosa lake, kazi nyingi za namna hii hupangwa hivyo. Lakini ni vizuri ulijue.

Saa kumi na mbili asubuhi mshauri wetu ameamka katika nyumba ya wageni mjini Sumbawanga. Kabla ya chai anasoma tena hadidu za rejea, maana mshauri asiyezijua hadidu zake ni kama fundi aliyesahau kuuliza nyumba ina vyumba vingapi. Zimeandikwa kwamba atathmini mahitaji ya soko, uwezo wa uongozi na mwenendo wa mapato ya mashine. Anaandika kwenye daftari maswali sita. Si sitini. Dodoso refu huwachosha watu, na mtu akichoka hukupa jibu analodhani unalitaka ili uondoke.

Saa mbili yuko ofisi ya chama. Salamu za Ufipani hazina haraka, na anayezikatiza ameanza vibaya. Anaulizwa habari za safari, za nyumbani, za watoto, na yeye anauliza za mavuno. Anasaini kitabu cha wageni. Mwenyekiti anamkaribisha, katibu anamwekea mezani mafaili, na mhasibu anamletea daftari la mapato. Saa nzima inapita katika maneno ya heshima, na mtu wa mjini angeweza kudhani imepotea. Haikupotea. Ndani ya saa hiyo mshauri ameona ni nani anayezungumza na nani anayenyamaza mwenyekiti akizungumza. Ameona pia kwamba ufunguo wa sanduku la fedha unakaa kwa mtu mmoja.

Mhasibu anamweleza kwamba mashine inaleta faida. Anaonyesha. Kila siku inasaga madebe 60, kila debe shilingi 1,500, kwa hiyo shilingi 90,000. Kwa siku 25 za mwezi ni shilingi 2,250,000. Umeme unakula 900,000, mwendesha mashine na mlinzi 500,000, na chekeche, nyundo, mikanda na ufundi 350,000. Jumla ya matumizi ni 1,750,000. Inabaki nusu milioni kila mwezi. "Hiyo ndiyo faida yetu, mheshimiwa," anasema, na ana haki ya kujivunia, maana daftari lake ni safi.

Hapo mshauri anauliza swali la kwanza kati ya sita: mashine hii ilinunuliwa kwa shilingi ngapi, na mnatarajia iishi miaka mingapi? Wanatazamana. Pamoja na mota na kuifunga ilikuwa shilingi milioni 24, na fundi aliwaambia ikitunzwa itafika miaka mitano. Miaka mitano ni miezi 60. Gawanya milioni 24 kwa miezi 60, unapata shilingi 400,000. Maana yake, kila mwezi mashine inachakaa kwa thamani ya shilingi 400,000, ingawa hakuna anayekuja mlangoni kuzidai. Zisipowekwa pembeni, siku mashine itakapokufa hakutakuwa na fedha ya kununua nyingine. Nusu milioni ile, ndugu msikilizaji, faida ya kweli ndani yake ni laki moja tu. Nyingine ni nyama ya mashine yenyewe, na wanachama wamekuwa wakiila kidogo kidogo kwa kudhani ni maziwa.

Hesabu hiyo inaitwa uchakavu. Haihitaji shahada. Yeyote aliyewahi kumiliki baiskeli ya kubebea mkaa anaijua: tairi likiisha, fedha ya tairi itoke wapi? Lakini wengi wetu, kuanzia chama cha msingi hadi shirika kubwa la umma, tumeona fedha kwenye sanduku jioni tukadhani ni zetu zote. Kama mshauri angeishia hapo na kurudi Dar es Salaam, angekuwa amekwisha kufanya kazi ya maana.

Lakini huyu haishii hapo. Saa tatu na nusu anaomba kiti akae karibu na mashine, nje kidogo ya vumbi la unga. Katibu anashangaa: mbona taarifa zote zipo ofisini? Mshauri anasema anapenda kuona. Anakaa mpaka saa saba akihesabu madebe kwa kuchora vijiti kwenye daftari. Ni kazi ya kuchosha, haina kompyuta, na mtoto wa darasa la nne angeiweza. Saa saba amehesabu madebe 30. Anaomba kitabu cha stakabadhi za asubuhi hiyo. Ziko 27.

Anamsogelea mwendesha mashine, wakati umeme umekatika na kelele zimetulia. Hamuulizi kama askari.

"Ndugu yangu, leo nimechora vijiti 30, stakabadhi ni 27. Labda nimehesabu vibaya?"

Kijana anajipangusa unga usoni. "Hukukosea, mzee. Hayo matatu ni ya kamati."

"Ya kamati kivipi?"

"Ndivyo nilivyokuta. Mtu wa kamati akileta debe, halipi. Na akimtuma ndugu yake, vivyo hivyo. Mimi nitamwambiaje?"

Matatu kwa nusu siku ni sita kwa siku. Mara shilingi 1,500, mara siku 25, ni shilingi 225,000 kwa mwezi. Ile faida ya kweli ya laki moja imekwisha liwa, na juu yake kuna hasara ya 125,000. Mhasibu hakudanganya, yeye alizidisha madebe yaliyopita kwenye mashine, akaandika. Tena kila mwezi sanduku lilipungua, na kila mwezi walisema labda ni chenji.

Wakati huo huo foleni ya akina mama imesimama inasubiri umeme. Mama mmoja mtu mzima, ameketi juu ya ndoo yake, anamwita.

"Mwanangu, wewe ndiye mgeni wa benki?"

"Shikamoo mama. Mimi ni wa chama, lakini benki nayo itasoma."

"Marahaba. Basi andika na hili. Mashine hii inafunguliwa saa tatu. Sisi tunatoka mbali, tunataka unga kabla ya kwenda shamba. Wengi wanapita hapa wanakwenda kwa mtu binafsi anayefungua saa kumi na mbili. Wataongeza mashine ya pili, itafunguliwa saa ngapi?"

Katika hadidu za rejea hakuna mahali palipoandikwa "muulize mama aliyekaa juu ya ndoo." Pameandikwa "kutathmini mahitaji ya soko." Kumbe mahitaji ya soko ndiyo haya, yamekaa kwenye foleni. Mshauri anaandika.

Saa nane anakula ugali na migebuka pamoja na katibu. Saa tisa anarudi kwenye mafaili: kumbukumbu za mikutano, mikataba, orodha ya wanachama, nani amelipa hisa na nani hajalipa. Saa kumi na moja anaaga. Saa moja usiku yuko chumbani kwake na kompyuta mpakato, anapanga aliyoyaona. Na hapa ndipo siku ya mshauri inapokuwa ngumu kuliko kuhesabu madebe.

Kwa maana ataandika nini? Kamati ndiyo iliyomkaribisha. Kamati ndiyo itakayosaini kwamba kazi imekamilika, ili alipwe sehemu ya mwisho ya ujira wake. Na tatizo mojawapo ni kamati. Anaweza kuandika hivi: "Kuna haja ya kuimarisha mifumo ya udhibiti wa ndani wa mapato." Sentensi hiyo ni safi, haina mtu ndani yake, na hakuna atakayekasirika. Lakini hakuna pia atakayeielewa, na mwezi ujao madebe sita yatapita bure kama kawaida. Au anaweza kuandika hivi: "Wajumbe wa kamati na ndugu zao husaga bila kulipa, na hasara yake ni shilingi 225,000 kila mwezi. Wote walipe. Mashine ifunguliwe saa kumi na mbili. Shilingi 400,000 zitengwe kila mwezi. Mpaka hayo matatu yafanyike kwa miezi sita, msikope." Hiyo nayo ni kweli, inaeleweka, na inaweza kumkosesha kazi nyingine.

Ndugu msikilizaji, siku nzima ya mshauri imo katika uchaguzi huo. Mambo mengine yote, yaani magari, vitabu vya wageni na michoro ya rangi ukutani, ni maandalizi yake.

Sasa tutoke Mollo twende kwenye mambo ya nchi, maana yaliyo kwenye mashine ya kijiji yamekwisha kutukuta kama taifa, kwa kipimo kikubwa.

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa wataalamu kuja kuangalia kama Afrika Mashariki ingefaa kulima karanga kwa wingi, kwa ajili ya mafuta ya kula. Walikuwa watu wenye elimu, na kiongozi wao aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walizunguka kwa wiki tisa, wakisafiri kwa ndege, wakaandika ripoti ya kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, halafu Urambo na Nachingwea. Visiki vya Kongwa vilivunja matrekta, mvua zikagoma, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zisichimbike. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na karibu pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Wagogo wa Kongwa waliujua ukame wa nchi yao kwa vizazi. Wao hawakuwa katika hadidu za rejea.

Mfano wa pili ni wetu wenyewe, baada ya uhuru. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Mwalimu Nyerere ilitaka madaraka yatoke Dar es Salaam yaende mikoani, karibu na wananchi. Nia ilikuwa njema. Katika kupanga muundo wa jambo hilo, serikali iliita washauri, na walioitwa walikuwa kampuni ile ile ya McKinsey ya Marekani. Wengi walishangaa kuona nchi ya Ujamaa ikiwaita washauri wa mabepari, lakini tusilikuze hilo. Fundi hodari anaweza kutoka popote. Mpango wa Madaraka Mikoani ulianza kutekelezwa mwaka 1972. Wakaja wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wa wilaya, wenye mafungu na wataalamu wao. Mkoa wa Rukwa wenyewe ulizaliwa ndani ya mfumo huo, mwaka 1974.

Lakini ili kupisha muundo mpya, halmashauri za wilaya zilivunjwa, na za miji zikafuata. Madaraka kweli yalishuka kutoka Dar es Salaam, ila yaliposhuka yaliangukia mikononi mwa maofisa walioteuliwa. Diwani aliyechaguliwa na watu wake, ambaye wangeweza kumwuliza kwa nini zahanati haina dawa, hakuwepo tena. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, ingawa huo ulikuwa uamuzi mwingine. Huduma za mijini zilizorota, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikaanza kurudishwa. Mwaka 1982 Bunge likatunga sheria za serikali za mitaa na ya ushirika, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikaanza kazi upya. Mwaka huo huo wa 1984 Mwalimu, katika mahojiano na jarida la Third World Quarterly, alikiri waziwazi kwamba kama angeanza upya, kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyafanya.

Sisemi kwamba McKinsey ndio waliovunja halmashauri. Mshauri hushauri, mwenye nyumba huamua, na Mwalimu hakumsingizia mtu. Alisema tulikosea sisi. Hilo ni jambo la uungwana. Lakini angalia nani alibaki na nini. Washauri walimaliza mkataba wakaenda zao kwenye kazi nyingine. Waliobaki na barabara zenye mashimo na mitaro iliyoziba ni wananchi, na iliwachukua zaidi ya miaka kumi kurudi mahali walipokuwa. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Je, maana yake tusitafute washauri? Hasha. Mwenyeji naye ana upofu wake. Kamati ya Mollo iliishi na ile mashine miaka yote bila kuhesabu uchakavu, akaja mgeni akauliza swali moja, mambo yakawa wazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena hatuna sababu ya kuwaagiza wote kutoka nje. Chuo cha Uongozi wa Maendeleo Mzumbe kilianzishwa mwaka ule ule wa 1972, na tangu mwaka 2001 ni Chuo Kikuu; kule Arusha kuna ESAMI; na wahitimu wetu wamejaa nchi nzima. Ninachosema ni kwamba mgeni anajua kuuliza, mwenyeji anajua jibu, na ushauri mzuri ni pale wawili hao wanapoketi pamoja bila mmoja kumdharau mwingine.

Tubaki Ufipa kwa mfano wa mwisho. Wafipa tangu zamani wana kilimo kiitwacho intumba. Mvua zikiwa bado zipo, mkulima hukusanya majani, huyafunika kwa udongo na kufanya vichuguu shambani, na juu yake hupanda maharage. Majani yanaoza humo ndani. Msimu unaofuata vichuguu hubomolewa, udongo ule wenye rutuba husambazwa, na nafaka hupandwa. Ni mbolea isiyohitaji lori wala mkopo. Sasa fikiria mtaalamu aliyepewa siku nne, amefika mwezi Julai wakati wa kiangazi, anaona shamba limejaa vichuguu. Ataandika: "Mashamba hayajasawazishwa." Kila neno alilosema ni kweli, macho yake hayakumdanganya, lakini ushauri wake ni sumu. Angemwuliza bibi mmoja tu mwenye jembe, angejua.

Basi, ndugu msikilizaji, wewe uliye katika bodi, kamati, halmashauri, chama cha akiba na mikopo, au hata kikundi cha kufa na kuzikana, siku mtakapoletewa mshauri, ulizeni mambo matatu.

La kwanza: hadidu za rejea ziko wapi, na nani alizitunga? Zisomwe mbele ya wanachama kabla kazi haijaanza. Ikiwa watu watakaoguswa hawamo katika orodha ya watakaoulizwa, wawekwe. Kuongeza mstari mmoja kwenye karatasi hakugharimu kitu. Kuukosa kuligharimu pauni milioni 36.

La pili: katika siku tunazozilipia, ngapi atakaa nasi, na ngapi atakaa na kompyuta? Mshauri asiyepata muda wa kukaa kando ya mashine atatuletea ripoti ya mahali pengine, iliyobadilishwa jina.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa: ripoti itarudi kwetu kwa lugha gani? Katika nchi yetu ripoti nyingi za namna hii huandikwa kwa Kiingereza, hufungwa vizuri, hupelekwa kwa mfadhili au benki, na nakala moja huwekwa kabatini kwa katibu. Mama wa kwenye ndoo alisema jambo lake kwa Kiswahili. Likaondoka, likavaa suti, na halikurudi tena. Hatajua kama liliandikwa au lilitupwa. Mshauri akisimama mbele ya mkutano wa wanachama na kusema kwa Kiswahili chepesi, "Mashine inapata hasara ya 125,000 kwa mwezi, na sababu zake ni hizi," hakuna tena wa kujificha nyuma ya maneno, si kamati wala yeye mwenyewe. Na kama amekosea, bibi mwenye jembe atamwambia pale pale, kabla fedha hazijakopwa.

Kwa hiyo swali la msikilizaji wangu nalijibu hivi. Mshauri mwema kutwa nzima husalimia, huhesabu, husikiliza, na usiku huamua kama ataandika alichokiona au kitakachompatia kazi nyingine. Sisi wenye mashine hatuwezi kukaa naye chumbani usiku ule. Lakini tunaweza kumwambia asubuhi, tangu siku ya kwanza, kwamba siku ya mwisho atasimama mbele yetu wote na kutusomea.